Kengele Ikilia Darasani: Mhadhiri Atoe Watu au Awafungie Ndani?

Moto ukiwaka, watu watoke. Risasi zikisikika koridoni, watu wajifungie. Ardhi ikitikisika, watu wabaki walipo, chini ya meza, mpaka itulie. Haya ni majibu matatu yanayopingana, na mhadhiri aliyesimama mbele ya wanafunzi mia tatu ana sekunde chache za kuchagua moja. Kitendo kinachookoa watu katika dharura hii kinaweza kuwaua katika ile.

Wengi wanaofundisha vyuo vikuu vyetu hawajawahi kuelekezwa namna ya kuchagua. Mhadhiri huajiriwa kwa shahada zake na machapisho yake. Akiripoti kazini anaonyeshwa ofisi, anapewa ratiba, basi. Mtungi wa kuzimia moto uliotundikwa ukutani anaupita kila asubuhi bila kujua kama umejaa au ni mtupu. Tunadhani likitokea jambo kuna mwingine linayemhusu: mlinzi, ofisi ya miliki, mshauri wa wanafunzi, polisi. Hao wote wako nje ya chumba. Ndani ya chumba yupo mhadhiri, na kwa masomo ya jioni, yale ya saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, mara nyingi yeye ndiye mtumishi pekee wa chuo aliyebaki katika jengo zima ukimtoa mlinzi wa getini.

Na wanafunzi wanamtazama yeye. Katika sinema watu huanza kukimbia mara kengele inapolia. Waliochunguza majanga ya moto kwa miongo mingi wameona kinyume chake: watu huchelewa. Wanatazamana, wanamalizia sentensi, wanatafuta chaja, wanangoja mwenye mamlaka aseme neno. Mhadhiri akisema "endeleeni, kengele hiyo huwa inalialia tu," watakaa. Akisema "simameni, tunatoka," watasimama. Ndiyo maana matayarisho yake yana uzito kuliko bango lolote litakalobandikwa mlangoni.

Kenya, mwaka 2015

Atakaye kuelewa jinsi suala hili lilivyo gumu atazame matukio matatu yaliyotokea katika nchi moja ndani ya mwaka mmoja.

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, washambuliaji wa al-Shabaab waliwapiga risasi walinzi wa lango la Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wakawavamia wanafunzi waliokuwa kwenye maombi katika ukumbi wa mihadhara, kisha wakaingia hosteli. Waliouawa walikuwa watu 148, kati yao wanafunzi 142. Shambulio lilidumu takriban saa kumi na tano. Kikosi maalumu cha polisi kilitoka Nairobi na kufika saa nyingi baada ya risasi ya kwanza. Mwanafunzi mmoja alipatikana akiwa hai ndani ya kabati siku mbili baadaye. Jambo ambalo kila chuo kilipaswa kujifunza pale ni kwamba msaada unaweza kuchukua saa nyingi kufika, na kwa muda wote huo walio ndani ndio wanaoamua wenyewe.

Siku kumi baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Aprili, kebo ya umeme ililipuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi, wakiwa bado na Garissa vichwani, waliamini wamevamiwa. Waliruka kutoka ghorofani, wakakanyagana ngazini. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakaumia. Hakukuwa na mshambuliaji hata mmoja.

Kisha tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la kupima utayari wake dhidi ya shambulio la kigaidi. Milio ya risasi ilisikika, na wengi waliokuwamo hawakujua kwamba ni zoezi. Watu walirukia chini kutoka madirishani. Mfanyakazi mmoja alifariki na wengine kadhaa wakajeruhiwa. Chuo kiliomba radhi hadharani.

Yapange matatu haya pamoja. La kwanza lilikuwa hatari ya kweli, la pili hofu bila hatari, la tatu hofu iliyotengenezwa kwa nia njema. Anayesema "tuwafundishe wanafunzi kukimbia" hajayasoma la pili na la tatu. Anayesema "tusiwatie watu hofu, mambo haya tumwachie Mungu" hajalisoma la kwanza. Matayarisho ya darasani yanapaswa kupita katikati ya hao wawili: kumpa mtu la kufanya bila kumjaza woga utakaomrusha dirishani.

Swali la kujiuliza

Vyuo vingi, vinapokuwa na mwongozo wowote, huwa na kijitabu cha kurasa nyingi chenye sura ya moto, sura ya mafuriko, sura ya ugaidi, sura ya mlipuko wa magonjwa. Kijitabu hicho kina kazi yake ofisini. Darasani hakuna anayekumbuka sura ya nne. Mimi naamini mhadhiri anahitaji swali moja tu akilini: hatari iko wapi, na kati yangu nayo kuna nini?

Hatari ikiwa ndani ya jengo na inaenea, kama moto, moshi au gesi ya maabara, mnaiachia jengo na kutoka. Hatari ikiwa ni mtu, na hamjui yuko wapi au yuko kwenye njia yenu, mnaweka mlango na vitu vizito kati yenu naye. Mkijua kwa hakika yuko mbali na njia ya kutokea i wazi, kuondoka ni bora kuliko kujificha. Na nje kukiwa kubaya kuliko ndani, au jengo lenyewe linatikisika, mnabaki.

Tetemeko si jambo la nchi za mbali. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya mno hata masomo yakasimama. Ardhi inapotikisika, anayekimbilia mlangoni hukutana na vioo, matofali na vigae vinavyoporomoka ukutani kwa nje. Wanafunzi waingie chini ya meza au wajikunje kati ya safu za viti, wakinge kichwa na shingo kwa mikono, washikilie kitu. Mtikisiko ukiisha ndipo mnatoka, kwa utaratibu, na hamrudi ndani kwa sababu mitikisiko midogo hufuata.

Mfano mwingine tunaoujua vizuri zaidi, ingawa miongozo mingi huukwepa, ni mabomu ya machozi. Kukiwa na mgomo au maandamano, moshi hupeperuka hadi madarasa yasiyohusika. Hapa jibu hugeuka kulingana na mahali moshi ulipo. Ukiwa bado uko nje, fungeni madirisha upande ule na msogee upande wa pili wa jengo. Ukishaingia chumbani, chumba hicho ndicho kibaya, tokeni mwende mahali penye hewa, upande unakotoka upepo. Macho yaoshwe kwa maji safi mengi, yasisuguliwe, wala mtu asipakwe mafuta. Mwenye pumu atoke kwanza.

Mlango

Kama ningepewa nafasi ya kuzungumza na makamu mkuu wa chuo yeyote kwa dakika tano, dakika nne ningezungumzia milango.

Tarehe 16 Aprili 2007 mwanafunzi mmoja aliua watu 32 katika chuo cha Virginia Tech nchini Marekani. Wengi waliuawa katika jengo la Norris, ambalo milango yake mikuu alikuwa ameifunga kwa minyororo ili watu wasitoke. Madarasa ya jengo lile hayakuwa na vitasa vya kufungia kwa ndani. Profesa Liviu Librescu, mzee wa miaka 76 aliyenusurika mauaji ya Wayahudi Ulaya, alijisimamisha kwenye mlango wa darasa lake akauzuia kwa mwili wake huku wanafunzi wakitokea dirishani. Aliuawa, wanafunzi wake wengi wakapona. Katika chumba kingine, namba 205, wanafunzi walisukuma meza kubwa mlangoni, wakalala chini na kuishikilia kwa mikono na miguu. Mshambuliaji alipiga risasi kupitia mlango ule, akashindwa kuingia, na hakuna hata mmoja wa chumba kile aliyejeruhiwa. Meza moja iliyoshikiliwa na watu waliolala sakafuni ilitosha.

Baada ya kusikia hayo, mtu huenda akasema tuweke makufuli. Ndipo fundo linapokazana, kwa sababu mlango unaozuia bunduki kuingia unaweza kuzuia watu kutoka moto ukiwaka. Kwetu hili si nadharia. Ingia katika ukumbi wowote wa mihadhara uliojengwa miaka ya sabini au themanini, utazame nyuma. Upo mlango wa pili, wa mabati au mbao, na juu yake maandishi ya kutokea yaliyofifia. Kwenye komeo kuna kufuli. Ufunguo uko kwa mtu wa usafi anayemaliza kazi saa tisa alasiri, na mbele ya mlango wenyewe zimerundikwa viti vilivyovunjika zikisubiri fundi. Madirisha yana nondo. Kufuli liliwekwa kwa sababu ya msingi: projekta iliibiwa. Hakuna aliyekusudia kuwafungia watu ndani ya moto, lakini ndicho kilichofanyika.

Fundo hili linafunguka, na si kwa gharama kubwa. Kinachotakiwa ni kitasa kinachofungwa kwa ndani bila ufunguo, kwa kuzungusha kitufe, na ambacho aliye ndani anakifungua kwa kushusha mkono wa kitasa mara moja tu. Wa nje hawezi kuingia, wa ndani hazuiliwi kutoka. Projekta nayo inaweza kufungiwa ndani ya kizimba cha chuma darini badala ya kuwafungia watu wote. Kabla kitasa hicho hakijaja, mhadhiri ajue mlango wake unafungukia wapi. Unaofungukia ndani unazuiwa kwa meza, makabati na kabari ya mbao chini yake. Unaofungukia nje hauzuiliwi kwa meza. Unafungwa kwa mkanda wa suruali au waya wa ekstensheni kutoka kwenye kitasa hadi kwenye kitu kizito. Baada ya hapo taa zizimwe, simu ziwekwe kimya kabisa hata mtetemo, watu wakae upande wa ukuta usioonekana kutoka mlangoni. Mtu akigonga na kujitambulisha kuwa ni polisi, thibitisheni kwanza kwa simu.

Milango ya kumbi kubwa, kwa upande wa moto, ifungukie nje. Umati unaosukuma mlango unaofungukia ndani unaukandamiza ujifunge.

Hesabu ya watu na upana

Mlango wa upana wa mita moja hupitisha takriban mtu mmoja kwa sekunde, watu wakienda kwa utaratibu. Ukumbi wa wanafunzi 300 wenye mlango mmoja unahitaji kama dakika tano kumaliza watu. Ukifungua na ule wa nyuma, zinabaki dakika mbili na nusu, muda ambao wahandisi wa moto nchini Uingereza wameutumia kwa miaka mingi kama kipimo cha kutoa watu kwenye hatari. Lile kufuli la nyuma, kwa hiyo, lina thamani ya dakika mbili na nusu za moshi. Na hiyo ni kama ukumbi wa watu 300 una watu 300. Kila anayefundisha somo la lazima la mwaka wa kwanza anajua wanafunzi wanakaa kwenye ngazi, sakafuni na vizingitini. Njia za kati zikijaa watu na mabegi, hesabu yote inaharibika.

Watu wanaokufa kwenye msongamano mara nyingi hawafi kwa kukanyagwa. Hufa wamesimama au wamelaliana, vifua vimebanwa, wameshindwa kuvuta pumzi. Tarehe 3 Februari 2020 watoto 14 walifariki kwenye ngazi za Shule ya Msingi ya Kakamega, Kenya, wakati wa kwenda nyumbani. Hapakuwa na moto wala mshambuliaji. Zilikuwa ngazi na watu wengi kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mhadhiri asiseme "kimbieni!" Aseme kwa sauti ya kawaida ya kufundishia, ikiwezekana kwa kipaza sauti: "Jamani, simameni. Acheni mabegi. Safu tatu za mbele mtoke kwa mlango huu. Waliobaki mlango wa nyuma. Tunatembea, hatukimbii. Tunakutana uwanja wa basketi." Taja mlango, taja safu, taja mahali. Mtu aliyepewa kazi mahususi hutulia. Mtu anayeambiwa tu "tulieni, tulieni" huzidi kuogopa kwa sababu hajui afanye nini na utulivu huo.

Moshi ndio unaoua zaidi kuliko miali. Unapanda juu, hivyo hewa inayofaa iko karibu na sakafu. Mkilazimika kupita penye moshi, mwiname au mtambae. Kabla ya kufungua mlango uliofungwa, uguse kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, usiufungue, tafuta njia nyingine. Mkikosa njia, fungeni mlango, zibeni chini yake kwa koti au khanga, mkae dirishani mkaonekane. Wa mwisho kutoka afunge mlango bila kuufunga kwa ufunguo. Mlango uliofungwa hupunguza sana mwendo wa moto. Lifti isitumike.

Kuhusu mtungi, sheria yangu ni hii: utumie kwa moto usiozidi ukubwa wa ndoo ya takataka, ukiwa na njia ya kutokea mgongoni kwako, na baada ya mtu mwingine kuwa ameshaanza kuwatoa watu. Mtungi mdogo huisha kwa chini ya dakika moja. Vuta pini, elekeza kwenye kitako cha moto, bana, fagia kulia na kushoto. Moto wa projekta, soketi au kompyuta unataka mtungi wa hewa ya kaboni, wenye alama nyeusi, na usimwagiwe maji. Mingi ya mitungi ina kipimo chenye mshale. Mshale ukiwa nje ya kijani, mtungi ule ni pambo. Ule wa kaboni hauna mshale, hupimwa kwa kupimwa uzito, kwa hiyo soma kadi yake uone ulikaguliwa lini.

Asiyesikia kengele, asiyeshuka ngazi

Kuna mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu ambaye somo lake limepangwa ghorofa ya tatu, na anapanda kwa lifti. Siku ya moto lifti haitumiki. Ni nani anamshusha? Swali hili mara nyingi halijaulizwa na mtu yeyote chuoni, na yeye mwenyewe hulibeba kimya kimya muhula mzima.

Jibu la kwanza ni kuhamishia somo hilo ghorofa ya chini. Ofisi ya ratiba inaweza kulifanya kwa kalamu moja. Ikishindikana, mhadhiri akae naye pembeni wiki ya kwanza, si mbele ya darasa, amuulize: "Tukilazimika kutoka haraka, ungependa usaidiweje?" Yeye ndiye anayejua anabebwaje bila kuumia, na nani kati ya wenzake anamwamini. Watafutwe wawili au watatu, kwa sababu mmoja anaweza asiwepo siku hiyo. Kama kumbeba haiwezekani, apelekwe kwenye eneo la ngazi lililo nyuma ya mlango usiopitisha moshi, mtu abaki naye, na mwingine awahi kuwaambia zimamoto mahali hasa walipo. Mwanafunzi kiziwi hataisikia kengele, hivyo kuwasha na kuzima taa mara kadhaa iwe ishara inayojulikana na darasa zima. Asiyeona ashike kiwiko cha mwenzake, asivutwe mkono.

Dharura itakayokukuta kweli

Mhadhiri mwingi atastaafu bila kuona mshambuliaji. Lakini ni vigumu kumaliza miaka mingi ya kufundisha bila kuona mwanafunzi akianguka. Kifafa, pumu, sukari kushuka, selimundu, au njaa tu ya mwisho wa muhula pesa ya kujikimu ikiwa imeisha. Hapa ndipo matayarisho madogo yanapolipa zaidi, na hapa ndipo nimeona watu wazima wenye shahada za uzamivu wakirudi nyuma na kusimama ukutani.

Mtu akipata degedege ya kifafa, tazama saa. Ndiyo hatua ya kwanza kabisa, kwa sababu dakika moja ya degedege huonekana kama kumi na baadaye daktari atauliza. Sogeza viti na meza asijigonge, weka sweta chini ya kichwa, legeza tai au kitambaa shingoni, ondoa miwani. Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko, kalamu wala kitambaa mdomoni. Hawezi kuumeza ulimi wake, ila anaweza kuvunjika meno au kukung'ata vidole. Mtetemo ukipungua, mgeuze alale ubavu ili mate yatoke. Ikizidi dakika tano, au ikirudi kabla hajazinduka, ni ya hospitali mara moja. Wapo bado wanaoamini povu la mdomoni linaambukiza, na kwa imani hiyo watu wameachwa waungue au wazame bila kuguswa. Kifafa hakiambukizi. Mhadhiri akipiga magoti pale sakafuni na kumgusa mgonjwa mbele ya wanafunzi mia mbili, amefundisha kitu ambacho mhadhara wake wa siku hiyo usingeweza kukifundisha.

Wakati yeye anapiga magoti, wengine wapewe kazi kwa kuoneshwa kidole: "Wewe mwenye shati la bluu, piga simu zahanati ya chuo. Wewe, kaa mlangoni, watu wasijazane. CR (mwakilishi wa darasa), watoe wengine nje kwa dakika kumi." Na simu ziingie mifukoni. Mwanafunzi aliyeanguka asubuhi hapaswi kujikuta jioni kwenye video inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Kwa wanaofundisha maabara nitakuwa mfupi kwa sababu wao wana kanuni zao: jua valvu kuu ya gesi inafungiwa wapi na swichi kuu ya umeme iko wapi. Kemikali ikiingia jichoni maji yatiririke dakika kumi na tano bila kukatiza. Na beseni la kuoshea macho ambalo halijawahi kufunguliwa tangu lisimikwe huenda halitoi maji.

Dakika tatu za mhadhara wa kwanza

Haya yote yanabebwa na kipindi kifupi mwanzoni mwa muhula, kabla ya kusoma mpango wa somo. Mhadhiri anaonyesha milango miwili, baada ya kuwa ameijaribu yeye mwenyewe ikiwa imefunguka. Anataja mahali pa kukutania nje, mbali na jengo na mbali na njia ya gari la zimamoto. Anaandika ubaoni namba: Tanzania 114 kwa zimamoto na 112 kwa dharura, Kenya 999 au 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Anaongeza namba ya ulinzi na ya zahanati ya chuo, kwa sababu hao ndio watakaofika kwanza. Anataja jina la jengo na la chumba jinsi mtu wa nje atakavyolielewa, maana "pale Theatre Two" haimsaidii dereva wa gari la wagonjwa. Anaomba mwenye hali ya kiafya amwone faragha. Anachagua na CR watu wawili wa kuhakikisha vyoo vya ghorofa ile havina mtu mkitoka.

Mkishafika nje, kuita majina ya watu 300 haiwezekani. Kila mtu amtafute aliyekuwa amekaa kulia kwake na kushoto kwake. Anayekosekana hujulikana ndani ya dakika mbili. Kundi la WhatsApp la somo liwe na taarifa moja tu, inayoandikwa na mhadhiri au CR: tuko wapi, nani anatafutwa, hakuna kurudi ndani. Kule Kikuyu uvumi uliumiza watu bila hata mshambuliaji mmoja, na ukimya wa aliye na taarifa ndio unaoupa uvumi nafasi.

Mazoezi nayo ni ya lazima, ila baada ya Strathmore mipaka iko wazi. Zoezi la kutoka kwa sababu ya moto lifanywe kila mwaka, mchana na pia jioni, na lipimwe kwa saa. Zoezi la kujifungia lifanywe kwa maelezo, kwa kutembea hatua kwa hatua, kila mtu akiwa ameshaambiwa. Milio ya risasi, watu waliojifunika nyuso na "tuone watafanyaje" visiwepo kabisa.

Baada ya muhula kuanza, lile kufuli la nyuma liandikiwe barua. Itaje jengo, chumba, idadi ya wanafunzi kwenye orodha, idadi ya milango inayofunguka na tarehe uliyoijaribu, iende kwa mkuu wa idara na ofisi ya miliki, nakala kwa chama cha wanataaluma. Bila jibu ndani ya mwezi, nakala iende OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa Tanzania, au kurugenzi ya usalama na afya kazini kwa Kenya. Ukumbi wa mihadhara ni mahali pa kazi, na sheria za usalama kazini, ya 2003 kwa Tanzania na ya 2007 kwa Kenya, zinamhusu mwajiri wa mhadhiri kama zinavyomhusu mwenye kiwanda. Ambatanisha picha ya mlango, kufuli likionekana.